Uzio wa kuelea wa kulinda mikoko ya Port Reitz: shajara ya mradi

Kazi yenyewe

Tunatengeneza uzio wa kuelea wa kufunga mdomo wa kijito kimoja cha mikoko ndani ya hori ya Port Reitz, Mombasa, pamoja na zana za kuengua mafuta yatakayoelekezwa pembeni. Maji yakijaa, mdomo huo una upana wa kama mita 60. Yakipwa, unabaki mfereji mwembamba katikati na tope pande zote mbili. Uzio ni wa saa za mwanzo tu, kabla zana kubwa za bandarini hazijafika. Mafuta yakimwagika baharini Kenya, mratibu ni Mamlaka ya Bahari, KMA, pamoja na Mamlaka ya Bandari, mamlaka ya mazingira, NEMA, na wengine. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa karatasi yetu ya kazi ni simu. Kamba na nanga ziko mstari wa pili.

Tumechagua mikoko, tukaacha ufuo wa mchanga, kwa sababu mchanga uliochafuka unaweza kukwanguliwa ukaondolewa. Tope la mikoko halikwanguliki. Mkoko hupumua kupitia vitundu vidogo kwenye mizizi yake iliyopinda juu ya tope, na mchu, aina nyingine ya mti wa mikoko, kupitia vijiti vinavyochomoza ardhini. Mafuta yakivipaka, mti unakosa hewa. Yakiingia kwenye mashimo ya kaa, yanashuka mahali pasipo na oksijeni, na huko hukaa miaka bila kuoza. Mwaka 1988 tangi moja la Kipevu lilitoboka, na takriban tani 5,000 za mafuta zikaingia upande wa Makupa; hekta kama 10 za mikoko zikafa. Aprili 2005 mafuta ghafi yalimwagika tena kutoka melini ndani ya Kilindini, na mikoko ya Port Reitz ikapakwa.

Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, hivyo shehena nyingi inayopita Kipevu siku hizi ni petroli, dizeli na mafuta ya ndege, na meli zenyewe na mitambo ya umeme hutumia mafuta mazito. Hilo linabadilisha kazi. Petroli haizungushiwi uzio kamwe: kuikusanya mahali pamoja ni kukusanya mvuke unaolipuka. Ikimwagika, watu walio upande upepo unakoelekea huondolewa, injini na moto huzimwa, na jua na upepo huachiwa kazi. Uzio huu ni wa dizeli kwa kiasi fulani, na hasa wa mafuta mazito na ya injini.

Maji mafu: kupima mkondo kabla ya kukata turubai

Uzio uliowekwa mraba na mkondo, yaani kwa pembe ya 90, huvuja mkondo ukipita fundo 0.7, yaani kama mita 0.36 kwa sekunde. Hapo mafuta huanza kung'olewa kwa matone chini ya tabaka, yakapita chini ya sketi, ile sehemu inayoning'inia majini. Sketi ndefu zaidi haisaidii. Inaongeza tu mzigo kwenye nanga. Dawa ni kuulaza uzio kwa pembe, ili mkondo uyasukume mafuta kando ya ukuta hadi ufukweni, mahali tulipochagua kuyachotea.

Hakuna kifaa cha kupimia mkondo kwenye mradi, na hakihitajiki. Pigilia miti miwili ukingoni, mita 20 kati yao. Chukua dafu tupu, litie maji hadi lielee karibu limezama, ili upepo usilisukume. Liachie katikati ya mfereji juu ya mti wa kwanza, hesabu sekunde hadi lifike wa pili. Likichukua zaidi ya sekunde 56, uzio unaweza kukaa mraba. Sekunde 39 ni fundo 1, pembe kati ya uzio na mkondo iwe digrii 45. Sekunde 26 ni fundo 1.5, pembe 28. Likifika kwa sekunde 19 au 20, hayo ni fundo 2 na pembe inashuka hadi 20.

Kipimo cha maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo tu, kisitumike kukata kitu chochote. Hapa Mombasa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti ya kina wakati wa bamvua hukaribia mita 4, huku maji mafu yakiwa na mita 1 na kidogo. Maji yale yote lazima yapite mdomo uleule kwa saa 6 zilezile. Tulipima tena bamvua, saa ya tatu na ya nne ya kujaa, ambapo mkondo huwa mkali kabisa, na tukaamua kujenga kwa fundo 1.5. Mita 60 kwa pembe ya 28 zinahitaji uzio wa mita 128. Tumepanga vipande vitano vya mita 25, na vipande viwili vya mita 5 vya ncha za ufukweni.

Karakana: kushona

Vielezi ni bomba la PVC la milimita 160, lililokatwa mita moja moja na kuzibwa ncha zote mbili kwa vifuniko na gundi. Kila kipande cha mita 25 kina vielezi 20, vyenye nafasi ya sentimita 20 kati yake, na ncha zimeachwa wazi kwa viungo. Vielezi 100 vinatoka kwenye mabomba 17 ya mita 6. Nafasi ile ndiyo bawaba ya uzio. Bomba refu lisilokatwa halifuati wimbi: linabaki limenyooka huku maji yakishuka chini yake, na mafuta yanapita. Nafasi ikizidi sentimita 25, turubai linalegea katikati na kuinama, nalo ni pengo vilevile.

Turubai ni PVC ya gramu 650 kwa mita ya mraba. Linazunguka bomba, linashonwa chini yake mistari miwili kwa uzi wa poliesta, kisha linashuka sentimita 40 kuwa sketi. Uzi wa pamba unaoza, na uzi wa nailoni unaliwa na jua haraka kuliko poliesta. Kwenye pindo la chini umepita mnyororo wa milimita 8, wenye uzito wa karibu kilo 1.4 kwa mita.

Hesabu ya kuelea kwa kila mita ya uzio: vielezi vinaweza kubeba kama kilo 17, na uzito wote wa bomba, turubai, mnyororo na kamba ni kama kilo 5.2. Uwiano ni 3.3, unaotosha kwa maji tulivu ya ndani ya hori. Nje ya Likoni kwenye mawimbi ya upepo wa kusi uzio huu haufai, na usijaribiwe huko. Ukielea, unasimama kama sentimita 10 juu ya maji.

Jambo moja hukosewa sana kwenye nyuzio za kujitengenezea: mnyororo lazima uwe mfupi kidogo kuliko turubai, kama sentimita 60 kwa kipande cha mita 25. Mvuto wote unapaswa kubebwa na mnyororo na kamba ya juu. Mnyororo ukiwa mrefu kuliko turubai, mshono ndio unaovuta nanga, na mshono hupasuka kuanzia kwenye kona.

Viungo vya vipande ni vyuma bapa viwili vinavyobana turubai lililopandana, kwa boliti za milimita 10 kila sentimita 10. Mnyororo unaungwa na mnyororo kwanza, ndipo boliti zikazwe. Kiungo kilichokosa boliti moja ya chini hupitisha mafuta mengi kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu uzio uliolazwa unayatembeza mafuta yote mbele ya kila kiungo.

Bamvua la kwanza majini

Hakuna tone la mafuta lililomwagwa kwa jaribio, wala halitamwagwa. Tulitumia bisi na maganda ya machungwa: bisi hufuata uso wa maji, maganda hukaa chini kidogo.

Nanga ziko kwenye kila kiungo, aina ya mabawa bapa, kilo 15 kila moja. Kwenye tope nanga ya aina hiyo na uzito huo hushika kama kilo 200. Mzigo wa mkondo kwenye kipande unakadiriwa hivi: mara 100 ya eneo la sketi kwa mita za mraba, mara mkondo kwa mita kwa sekunde uliozidishwa kwa wenyewe. Kipande cha mita 25 chenye sketi ya sentimita 40 kina mita za mraba 10. Mkondo wa mita 0.36 unaokipiga mraba unatoa kilo 130. Mkondo ukiwa maradufu, mzigo ni mara nne, kilo 520, na nanga inang'oka. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya pembe.

Kilichoharibika kwanza ni pembe yenyewe. Vipande vya katikati vilijipinda kuwa tumbo, na ndani ya tumbo ukuta ukawa mraba na mkondo. Bisi zikakusanyika pale, zikaanza kupita chini. Kamba za nanga zilikuwa mara tatu ya kina cha maji yaliyojaa. Kwa tope laini la hapa hazikutosha, nanga zikakokota. Sasa ni mara tano, na mita 3 za kwanza kutoka kwenye nanga ni mnyororo, ili shina la nanga lilale. Kina kikiwa mita 5, toa kamba mita 25.

La pili: nanga iliyofungwa moja kwa moja kwenye uzio inauvuta chini, hasa maji yanapopanda. Kati ya nanga na uzio sasa lipo dumu la lita 20 lililofungwa vizuri. Nanga inavuta dumu, na dumu linavuta uzio kwa kamba ya mita 2 iliyolala juu ya maji. Kila nanga ina pia kamba nyembamba ya kuing'oa kwa nyuma, yenye boya dogo; bila hiyo, kutoa nanga topeni baada ya bamvua kunahitaji boti mbili.

La tatu ni maji kugeuka. Mafuta kutoka bandarini yangeingia na maji ya kujaa, na pembe imepangwa kwa kujaa. Maji yanapopwa, mkondo unasukuma uzio upande wa pili, na usipokuwa na nanga za upande wa ndani unajikunja na kulala juu ya kamba zake. Kwa hiyo kila kiungo kina nanga mbili, ya nje na ya ndani. Hii imeongeza uzito wa mzigo wa boti kuliko kitu kingine chochote, lakini hori ambayo maji yake hugeuka mara nne kwa siku haiachi njia nyingine.

Ncha za ufukweni

Sehemu hii imechukua kazi nyingi kuliko mita 125 zote za katikati. Ukuta wa sketi unafanya kazi ukielea tu. Pale maji yanapokwisha, unalala topeni, sketi inakunjika chini ya kielezi, mnyororo unazama kwenye tope. Maji yakirudi, kielezi kinataka kupanda lakini mnyororo umeshikwa, na kwa muda huo maji yanapita juu. Hapo ndipo mikoko inapoanza.

Vipande viwili vya mita 5 havina sketi. Kila kimoja ni mipira mitatu mirefu ya maji, ile bapa ya umwagiliaji ya inchi 6: miwili chini sambamba, imejazwa maji, na mmoja juu yake umejazwa hewa, yote ndani ya gunia moja la turubai. Maji yakipwa, mipira ya chini inalala na kufuata mashimo ya tope kwa uzito wake. Maji yakijaa, wa juu unainua turubai. Mipira ya maji isijazwe hadi ikakamaa. Iache ilegee kidogo, la sivyo inakaa juu ya vichuguu vya kaa na kuacha matundu chini. Sehemu ya kulaza isafishwe kwanza mawe, chaza na chupa zilizovunjika. Mizizi ya mchu isikatwe: kipande kisogezwe.

Ncha ya nje inafungwa kwenye bomba la chuma la inchi 2 lililopigiliwa mita 1.5 topeni, kwa pete inayopanda na kushuka na maji. Hatufungi kamba kwenye mti wa mkoko wowote, na hatutumii boriti zilizokatwa humu humu.

Vinyonyaji: sufi na makumbi

Vitambaa vya dukani vya polipropilini hunyonya mafuta mara 10 hadi 15 ya uzito wake na karibu havinyonyi maji. Ni vizuri, lakini vinaisha haraka. Pwani tunayo sufi, ambayo nyuzi zake zina nta ya asili na uwazi ndani. Inakataa maji na kubeba mafuta zaidi ya mara 20 ya uzito wake. Makumbi ya nazi yanapatikana bure, ila yanapenda maji pia: yakikaa majini saa kadhaa yanazama, na kinyonyaji kilichozama na mafuta yake ni uchafu mpya. Tumeyaweka makumbi makavu kwa kazi ya nchi kavu tu, kufuta vifaa na kuzuia matone kwenye njia ya kubebea.

Soseji ya sufi ina kipenyo cha sentimita 15 na gramu 300 hadi 350 kwa mita. Ikishindiliwa zaidi, mafuta hayaingii ndani. Inalowa gamba tu. Nje ni wavu wa samaki uliochakaa, ndani ni kitambaa chepesi cha pazia cha kuzuia nyuzi zisitoke. Vyandarua vya mbu vilivyotiwa dawa visitumike kabisa, hata vikitolewa bure: dawa ile ni sumu kali kwa kaa, kamba na samaki wachanga, ambao ndio tunaowalinda.

Soseji haizuii mafuta. Inawekwa ndani ya uzio, kwenye mfuko wa kuchotea, kumalizia utando ambao mashine ya kuengua haiuoni. Mafuta mazito hayaingii kwenye sufi vizuri. Hayo huchotwa kwa ndoo zilizotobolewa na makoleo.

Mfuko wa kuchotea

Uko kwenye ncha ya ndani ya uzio, mahali maji yametulia na pikipiki ya magurudumu matatu inaweza kufika. Kabla ya mashine, mbele kuna wavu wa kuku wa kushika majani ya mikoko na chupa za plastiki. Bila wavu huo, ngoma ya kuengua hukwama muda mfupi tu baada ya kuwashwa. Ngoma ni ya plastiki, inazunguka polepole, mafuta yanaigandia na ubapa wa mpira unayakwangua hadi kwenye beseni. Ikizungushwa kasi, inachota maji.

Pampu ni ya diaframu, inchi 2. Pampu ya feni inayozunguka tunaikataa kwa kazi hii hata ikiwa karibu: inayapiga mafuta na maji pamoja hadi yakawa kitu kizito cha kahawia ambacho hakitengani tena kirahisi. Bahari yenyewe hufanya hivyo kwa mafuta mazito. Mchanganyiko ukibeba maji asilimia 60 hadi 80, ujazo unafika mara mbili na nusu hadi tano ya mafuta yaliyomwagika. Kila saa ya kuchelewa ni mapipa zaidi.

Mapipa ya lita 200 yajazwe asilimia 90 tu, yawekwe pale pale yatakapopakiwa, kwa sababu pipa lililojaa linakaribia kilo 200. Mafuta, vinyonyaji na mchanga vikae mapipa tofauti, vikiwa na alama. Vyote vinaondolewa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA.

Mikoko iliyopakwa haiingiwi kwa miguu. Unyayo mmoja husukuma mafuta chini kuliko wimbi lingeweza. Kinachoruhusiwa ni kumwagia maji ya bahari kwa mpira wa shinikizo dogo, kutoka kwenye boti, maji yakianza kupwa, kuelekea mfukoni. Sabuni haitumiki. Dawa za kutawanya mafuta nazo hazina nafasi kwenye maji ya kina kifupi yenye mikoko, na popote pengine ni kwa idhini ya mamlaka.

Kusoma rangi kabla ya kupiga simu

Ripoti ya "mafuta mengi sana" haimsaidii mratibu. Pima urefu na upana wa doa, taja rangi. Utando wa kijivu-fedha una lita 40 hadi 300 kwa kilomita ya mraba. Rangi za upinde wa mvua ni lita 300 hadi 5,000. Mng'ao wa chuma ni lita 5,000 hadi 50,000. Rangi halisi ya mafuta, nyeusi au kahawia isiyokatika, ni zaidi ya lita 200,000. Doa la mita 200 kwa 50 lenye rangi za upinde wa mvua, linalotisha ukilitazama kutoka garini Makupa, lina lita 3 hadi 50 tu. Doa la ukubwa uleule likiwa jeusi lina zaidi ya lita 2,000. La kwanza huenda lisihitaji uzio hata kidogo. La pili linahitaji kila mita tuliyoshona.

Taja pia upepo. Mafuta husafiri kwa kasi yote ya mkondo, pamoja na asilimia 3 ya kasi ya upepo. Kusi ya fundo 20 huongeza fundo 0.6, na ndani ya hori yenye maji mafu hiyo inaweza kushinda mkondo.

Yaliyobaki

Kipande cha tatu kina vielezi viwili vinavyovuja kwenye gundi ya kifuniko. Vinatolewa na kuzibwa upya kabla ya bamvua lijalo, kisha kila kielezi kizamishwe kwenye pipa la maji na kukaguliwa kwa mapovu. Glovu za nitrili na viatu vya mpira vipo, lakini kipima gesi hakijapatikana. Kipima hicho kisipokuwepo, hakuna atakayekaribia mafuta ghafi mabichi, kwa sababu ya gesi ya haidrojeni salfaidi na benzini. Uzio uoshwe kwa maji baridi, ukaushwe na uhifadhiwe kivulini, juu ya mbao, mbali na panya. Mipira ya ncha za ufukweni itajaribiwa tena usiku, maji yakijaa gizani, kwa sababu bandari haifungi usiku.